MKOMANILE, SHUJAA WA UNGONI

Mkulima wa Misungwi hupanda pamba katika shamba lake mwenyewe, huipeleka katika chama chake cha ushirika, na fedha ni zake. Haki hii haikuokotwa njiani. Imetanguliwa na damu iliyomwagika mbali na ziwa letu, na katika damu hiyo imo ya mwanamke mmoja, Mkomanile, ambaye wengine humwita Nkomanile.

Mwaka 1905 serikali ya Wadachi iliwalazimisha wenyeji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya shokoa. Mtu aliacha shamba la chakula chake akalime la mkubwa, na malipo yakawa kiboko au senti zisizotosha kodi. Mwezi Julai wananchi wa Nandete, katika Umatumbi, waliing'oa pamba hiyo. Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kutangulia mbele ya kamba.

Habari zilipofika Ungoni, Mkomanile alikuwa kiongozi wa Kitanda. Wangoni walikuwa watu wa vita, na miaka mingi waliwashambulia Wangindo, jirani zao. Sasa hongo aitwaye Kinjala akaja kutoka upande wa Wangindo hao hao akileta maji. Mkomanile hakumdharau. Alimpokea, akayakubali maji, akawahimiza wakuu wenzake wafanye vivyo hivyo. Hapo ndipo ulipo ukubwa wake: alitambua kwamba aliyekuwa adui wa jana ni ndugu katika utumwa wa leo.

Maji hayakuzuia risasi. Hilo lazima lisemwe wazi. Tarehe 21 Oktoba 1905, alfajiri, Wadachi waliishambulia kambi ya Wangoni kwa bombomu, watu wakaanguka kama majani. Kisha adui akageuza chakula kuwa silaha. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wataalamu wa historia hukisia waliokufa katika vita hivyo kuwa tangu 75,000 hata 300,000.

Mkomanile alikamatwa pamoja na wakuu wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906 mjini Songea alinyongwa, yeye na Mputa Gama na mashujaa wengine zaidi ya 60. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mkoloni, aliyezoea kumhesabu mwanamke kuwa si kitu, siku hiyo alimwogopa sawa na wanaume. Kila mwaka Songea huwakumbuka mashujaa hao, na mwezi Novemba 1923 haukuleta radhi, wala 1953. Ilikuwa hata tarehe 1 Novemba 2023 ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea akaomba msamaha.

Wakulima wa Usukuma nao waliona unyonge katika mizani ya mnunuzi. Wao walishika silaha nyingine: waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa shirikisho moja la Viktoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Njia zilikuwa mbili, lakini somo ni moja. Kilichowashinda watu wa 1905 ni bombomu na njaa. Umoja wao haukuwa kosa, nao ndio tuliourithi.

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi, heshima ya Mkomanile haitoshi kwa ngoma na mashada ya maua. Mwanamke wa Misungwi hupanda, hupalilia na huchuma. Je, katika kamati ya ushirika hukaa mbele, au hukaa nje akingoja kuambiwa bei? Wangoni walimsikiliza mwanamke katika shauri la kufa na kupona. Sisi tutashindwaje kumsikiliza katika shauri la pamba?