Louis Prang, Mkimbizi Aliyezipeleka Rangi Majumbani

Wanafunzi wenzangu, hapana shaka mmewahi kupokea kadi ya Krismasi. Ya kwanza kabisa ilichapishwa London mwaka 1843, lakini mtu aliyezifanya zienee Marekani ni huyu Louis Prang ninayetaka kuwasimulia.

Alizaliwa mwaka 1824 mjini Breslau, uliokuwa wa Prussia na sasa uko Poland kwa jina la Wrocław. Babake alikuwa mpiga chapa wa vitambaa, na kijana alijifunza mambo ya rangi humo humo karakanani. Mwaka 1848 watu wa nchi za Wajerumani waliinuka kudai haki zao, na Prang alikuwamo. Maasi yaliposhindwa akatoroka. Mwaka 1850 alishuka New York akiwa mkimbizi, kisha akahamia Boston.

Kazi iliyompa jina ni litografia, yaani kupiga chapa kwa jiwe. Hebu fikirini: unachora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, halafu unalilowesha maji. Wino wa mafuta unashika penye mchoro tu, kwingine unakataa. Sasa ukitaka rangi, kila rangi na jiwe lake! Picha moja ya Prang iliweza kupita kwenye mawe zaidi ya 20, na jiwe moja likisogea kidogo tu, uso wa mtu unaharibika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, aliuza ramani, nyingine pamoja na penseli za rangi ili watu wajiwekee alama majeshi yalipofika. Mwanabiashara huyo! Baada ya hapo alianza kutoa nakala za michoro ya rangi za mafuta, zilizoitwa kromo. Picha ya vifaranga ilipendwa mno. Wahakiki walikasirika, ati sanaa inafanywa rahisi kama sabuni. Mimi nauliza, asiye na pesa za mchoraji akae na kuta tupu?

Na hapa ndipo ninapompendea Prang. Mwaka 1870 Hiram Revels aliingia Seneti ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kufika huko. Prang akatoa picha yake ya rangi, mtu mwenye heshima zake. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alimwandikia Prang kuisifu. Alieleza kwamba watu weusi walizoea kuchorwa kama nyani, na sasa wameonyeshwa kama watu. Kumbe picha ya bei nafuu ilikuwa na uzito hivyo! Tena kwa mawe yale yale wachapishaji wengine walitoa kadi za matangazo zilizowadhihaki weusi ili kuuza sabuni.

Kadi hizo za matangazo zilikuwa jambo kubwa. Mchapishaji alichora maua au watoto, akaacha nafasi tupu, na mwenye duka akatia jina lake na bidhaa yake: uzi, kahawa, dawa. Watoto walizikusanya na kuzibandika kwenye madaftari, na tangazo likakaa nyumbani miaka. Prang alizitengeneza pia, na kutoka kadi za maua za biashara hadi kadi za salamu haikuwa safari ndefu. Mwaka 1875 alianza kuuza za Krismasi Marekani. Mwaka 1880 aliandaa mashindano ya kuzichora, na dola 1,000 za kwanza zikaenda kwa mwanamke, Rosina Emmet. Si ajabu, kwani aliajiri wanawake wengi katika kiwanda chake.

Aliyemshinda alitoka kwao. Kadi za bei ya chini kutoka Ujerumani zilifurika, na kufikia miaka ya 1890 Prang aliziacha kuliko kushusha ubora wake. Akashikilia zaidi vitabu vya uchoraji na rangi za maji za shule, ambazo alikuwa amezianza zamani. Alifariki Los Angeles mwaka 1909. Visanduku vya rangi vyenye jina Prang bado vinauzwa kwa watoto wa shule wa Marekani.