Doppler: Mtoto wa mafundi mawe ambaye hesabu yake inapima upepo wa Ziwa Victoria na mpira wa besiboli

Mvuvi wa Kirumba, Mwanza, anataka kujua kama usiku wa leo ziwa litachafuka. Kocha wa besiboli kule Marekani anataka kujua kijana wake ameurusha mpira kwa kasi gani. Wawili hawa hawajuani, ila wote wanategemea hesabu ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1853: Christian Doppler.

Doppler hakuwahi kuiona rada hata siku moja. Ilitengenezwa miaka 80 hivi baada ya kifo chake. Alichoacha ni kanuni tu, na kanuni hiyo ilimletea maneno mengi akiwa hai.

Nyundo ilimshinda

Alizaliwa Novemba 29, 1803 mjini Salzburg, Austria. Ukoo wao ulikuwa wa mafundi wa kuchonga mawe na kazi ilikuwa inalipa. Tatizo likawa afya. Kijana alikuwa dhaifu, nyundo na patasi hazikumfaa. Basi akaachwa asome, na hesabu ikawa ndiyo kazi yake.

Lakini kusoma hakukumpa ajira ya uhakika. Mkataba wake wa msaidizi chuoni Vienna ulipoisha, alikaa kama mwaka mmoja na nusu akitunza vitabu vya hesabu kwenye kiwanda cha pamba. Mwaka 1835 akakata tamaa, akauza vitu vyake ili ahamie Marekani. Hajaondoka, akapata kazi ya ualimu mjini Prague. Safari ikafa.

Mtumbwi na mawimbi

Mei 25, 1842, mbele ya wasomi wa Prague, Doppler alisoma andiko lake kuhusu rangi za nyota. Wazo lenyewe mtu wa ziwani analielewa haraka.

Mtumbwi ukiwa umesimama majini, mawimbi yanaupiga kwa mpangilio mmoja. Ukianza kuyakabili, yanaupiga harakaharaka. Ukigeuza ukaenda nayo, yanachelewa kuufikia. Mawimbi ni yale yale, kilichobadilika ni mwendo wa mtumbwi.

Ndiyo maana honi ya basi linalokuja mbio inasikika kali, halafu likishapita sauti inashuka ghafla. Doppler alisema mwanga nao una tabia hiyo hiyo.

Mwaka 1845, Mholanzi Buys Ballot aliamua kumjaribu. Akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na kando ya reli akawaweka wanamuziki wenye masikio makini. Treni ikapita, sauti ikapanda na kushuka kama hesabu ilivyotaka.

Kwenye nyota, hata hivyo, Doppler alivuka mpaka. Aliamini rangi za nyota zinatokana na mwendo wake, kumbe kwa sehemu kubwa zinatokana na joto lake. Hapo ndipo wapinzani walipomkamata.

Mwisho mgumu

Mwaka 1850 alifikia kilele: mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Miongoni mwa waliosoma kwake ni mtawa Gregor Mendel, ambaye baadaye alijulikana kwa utafiti wa urithi kwa kutumia njegere.

Haikuchukua muda. Mwaka 1852 mtaalamu wa hesabu Joseph Petzval, wa chuo hicho hicho, aliishambulia kanuni yake hadharani. Doppler alikuwa tayari anaumwa mapafu. Akaenda Venice, Italia, kutafuta hewa ya joto. Alifia huko Machi 17, 1853, akiwa na miaka 49, akiacha mke wake Mathilde na watoto watano.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1868, Mwingereza William Huggins alitumia kanuni ile ile kupima mwendo wa nyota Sirius. Kosa la Doppler lilikuwa kwenye rangi. Hesabu ilikuwa sawa.

Kutoka polisi hadi uwanjani

Baada ya Vita Kuu ya Pili, polisi wa Marekani walianza kukamata madereva kwa rada. Rada inatuma mawimbi, yanagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika, na mabadiliko hayo yanataja kasi. Mwaka 1974 kocha wa besiboli Danny Litwhiler aliona kifaa hicho kinaweza kupima mpira pia.

Katika besiboli, ambayo shule za Tanzania zilianza kuicheza miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde. Jicho haliwezi kuhesabu hapo. Rada za sasa zinapima hadi mzunguko wa mpira hewani, na kocha akiona kasi inashuka mrusho baada ya mrusho anajua mkono umechoka. Kuna hatari pia: kijana anayefukuza namba kubwa kila siku anaweza kuumiza kiwiko.

Kanuni ile ile Mwanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina rada ya hali ya hewa Mwanza inayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Badala ya mpira, mawimbi yake yanagonga matone ya mvua. Matone yanayoisogelea rada na yale yanayoikimbia hurudisha mawimbi tofauti, na hapo wataalamu wanaona upepo ndani ya wingu unakwenda wapi na kwa kasi gani.

Kwa Ziwa Victoria, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, hilo si jambo dogo. Dhoruba nyingi za ziwa hili hujengeka usiku, wakati wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Rada inaweza kuliona wingu likiwa bado mbali. Kazi inayobaki ni taarifa kumfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi.