Franco: Aliyebaki OK Jazz wenzake wote walipoondoka

Usiku wa Septemba 22, 1989, mjini Amsterdam, Uholanzi, mashabiki walimwona jukwaani mtu ambaye wengi walipata shida kumtambua. Franco, aliyejulikana kwa mwili mkubwa uliojaza jukwaa, alikuwa amekonda na hakuwa na nguvu za kukaa na gita lake kwa muda mrefu. Siku 20 baadaye, Oktoba 12, alifariki dunia hospitalini mjini Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51.

Bendi aliyoiacha, T.P. OK Jazz, ilikuwa na umri wa miaka 33. Katika kipindi chote hicho waimbaji, wapiga magita na wapuliza saksafoni waliingia na kutoka kwa makumi. Wengine walitoka wakarudi, na wengine walitoka wakaunda bendi za kupambana nayo. Aliyekuwapo siku ya kwanza na akawapo siku ya mwisho alikuwa yeye.

Jina lake kamili ni François Luambo Makiadi. Alizaliwa Julai 6, 1938, katika mji mdogo wa Sona Bata, magharibi mwa Kongo, na akakulia Leopoldville, jiji ambalo sasa ni Kinshasa. Alifiwa na baba yake akiwa bado mtoto. Mama yake aliuza vitumbua na maandazi sokoni Ngiri-Ngiri, naye kijana akawa anapiga gita alilojitengenezea mwenyewe ili kuwavuta wateja. Mpiga gita Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon, ndiye aliyemfundisha ufundi wa awali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alichukuliwa na studio ya Loningisa, na huko mwanamuziki Henri Bowane akampachika jina la Franco.

OK Jazz ilizaliwa Juni 6, 1956, katika baa ya bwana mmoja aitwaye Oscar Kashama, na herufi mbili za jina la bendi zilitokana na baa hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea. Franco hakuwa kiongozi wa kwanza wa bendi. Alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 18, akipiga gita nyuma ya wakubwa kama mpuliza ala Jean Serge Essous na mwimbaji Vicky Longomba.

Haukupita mwaka kabla Essous na mwimbaji Rossignol hawajaihama bendi na kuunda Rock-a-Mambo. Nafasi ya saksafoni ikachukuliwa na Isaac Musekiwa, aliyetoka Rhodesia ya Kusini. Mwaka 1959, uhuru ulipokaribia, wanamuziki wenye asili ya Brazzaville, wakiwamo Edo Nganga na Célestin Kouka, walivuka mto na kurudi kwao, wakashiriki kuanzisha Les Bantous de la Capitale. Januari 1960 likaja pigo jingine. Joseph Kabasele wa African Jazz alipokwenda Brussels kuwatumbuiza wanasiasa waliokuwa wakijadili uhuru wa Kongo, alifuatana na Vicky Longomba na Brazzos, wote wa OK Jazz. Wimbo mashuhuri wa uhuru ulitungwa katika safari hiyo, na Franco hakuwamo.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wanayafahamu machungu ya namna hii. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ilivuna kutoka Juwata Jazz, ikiwachukua Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka, na kelele zake zilisikika kwa miaka mingi. Kwa Franco jambo hilo lilitokea karibu kila baada ya miaka michache, na kila mara alijaza pengo kwa mtu ambaye baadaye naye akawa nyota.

Mwaka 1961 aliingia Simaro Lutumba, mpiga gita mkimya na mtunzi aliyeitwa mshairi na watu wa Kinshasa. Mwaka 1963 akaja Verckys Kiamuangana na saksafoni yake, akaipa bendi sauti nzito iliyowatia wazimu vijana. Mwimbaji Kwamy alipoondoka katikati ya miaka ya 1960, ugomvi wake na Franco ulihamia kwenye nyimbo, kila upande ukirusha vijembe na mji mzima ukisikiliza. Verckys naye aliachia ngazi mwaka 1969, akaunda Vévé na kuwa mfanyabiashara mkubwa wa santuri.

Mwaka uliofuata ndio uliomwumiza kuliko yote. Agosti 1970 mdogo wake, Bavon Marie Marie, mpiga gita wa Negro Succès, alikufa katika ajali ya gari. Franco alijitenga na muziki kwa muda. Aliporejea, Vicky, mwenzake tangu siku ya kwanza, alikuwa akijiandaa kuondoka, na baadaye akaunda Lovy du Zaïre. Vijana wa Nairobi waliocheza nyimbo za kundi la Longombas katika miaka ya 2000 huenda hawakujua kuwa waliokuwa wakiwasikiliza ni wajukuu wa Vicky huyo. Mpiga solo Mose Fan Fan, aliyeondoka wakati huohuo, alifika Tanzania mwaka 1974 akapiga na Orchestra Makassy, hivyo ladha ya OK Jazz ikaingia katika kumbi zetu kwa mikono ya mtu aliyeihama.

Mtu angedhani bendi imekwisha. Badala yake Franco alimchukua Sam Mangwana mwaka 1972 kutoka kwa hasimu wake mkuu, Tabu Ley. Mashabiki wa pande zote mbili walikasirika, lakini Mangwana alipoimba tungo za Simaro, hasira ziliisha. Baada yake wakaja Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum na Ntesa Dalienst, na mwaka 1980 Madilu System, aliyekuja kuimba Mario, wimbo wa mwaka 1985 kuhusu kijana anayelelewa na mwanamke tajiri. Wakati huo kikosi kilikuwa kimezidi watu 30, kiasi cha kugawanywa mara mbili, upande mmoja ukipiga Kinshasa na mwingine Ulaya.

Zipo hoja za wanaosema Franco alikuwa mbabe, na mwandishi huyu hazipingi zote. Mwanamuziki aliyetaka jina lake liwe kubwa alijua kwamba hapo ni kwa Franco. Mwaka 1978 tungo zake za matusi zilimpeleka jela, na wanamuziki wake kadhaa nao wakaingia kifungoni kwa nyimbo ambazo hawakuzitunga. Hata hivyo, mlango wake haukufungwa kabisa. Mangwana, aliyeondoka katikati ya miaka ya 1970, alirudi studio mwaka 1989 kurekodi pamoja na Franco aliyekuwa tayari mgonjwa.

Rais Mobutu alitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na mwili ukazikwa Kinshasa. Simaro, Josky na Ndombe waliendelea kuiongoza bendi. Lakini swali ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa Franco akiwa hai sasa lilidai jibu: OK Jazz ni ya nani? Vyombo vilikuwa mali ya marehemu, na jina pia lilihesabiwa kuwa lake. Jasho lilikuwa la watu waliopiga kwa miaka 10, 20, na kwa Simaro zaidi ya 30. Familia ilidai mgawo wake wa mapato, wanamuziki wakaona unazidi. Mwishoni mwa 1993 mazungumzo yalishindikana, na wanamuziki wakavikusanya vyombo na kuvikabidhi kwa familia.

Bendi iliyonusurika kuhamwa na Essous, Vicky, Kwamy, Verckys na Mangwana haikuvuka mwaka wa tano bila Franco. Mwaka 1994 Simaro aliwakusanya wenzake na kuanza upya chini ya jina la Bana OK, yaani watoto wa OK. Aliiongoza kwa miaka mingi, akazeeka nayo, na akafariki Machi 30, 2019.