William Harley na Springi za Gurudumu la Mbele

Jina la Harley, kila linapotajwa, huwakumbusha watu mngurumo wa injini. Pikipiki ndefu na nzito, yenye kiti kilichoshuka chini na usukani mpana, imelieneza jina hilo hata katika nchi ambazo mwenyewe hakuzikanyaga. Lakini bwana huyu alishughulika pia na jambo lisilo na kelele, nalo ni namna gurudumu la mbele linavyopita juu ya jiwe na shimo bila kumtupa mpandaji.

William Sylvester Harley alizaliwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, tarehe 29 Desemba 1880. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Littleport, Uingereza. Angali kijana mdogo aliajiriwa katika kiwanda cha baiskeli, na huko ndiko alikojifunza tabia za fremu na magurudumu. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 20, alichora injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, yenye ujazo wa sentimita 116 tu. Yeye na rafiki yake Arthur Davidson waliihangaikia hadi mwaka 1903, wakisaidiwa na Walter, nduguye Arthur. Matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo: kila walipofika kwenye vilima vya Milwaukee, mpandaji alilazimika kupiga pedali.

Basi wakaunda injini nyingine, ya sentimita 405 za ujazo, na kuifunga katika fremu imara zaidi. Kazi hiyo waliifanya katika kibanda cha mbao uani kwa akina Davidson, chenye upana wa mita tatu na urefu wa mita nne na nusu hivi. Nguvu ikapatikana, ila nguvu hiyo ilileta taabu mpya. Barabara nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa za udongo, zenye makorongo ya magurudumu ya mikokoteni. Uma wa mbele ulikuwa mgumu kama wa baiskeli, na chombo kilipoenda kasi, kila pigo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye viganja vya mpandaji.

Wakati huo Harley alikuwa amekwisha kwenda kusomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Alihitimu mwaka 1907, na mwaka huohuo kampuni ikaandikishwa rasmi, yeye akiwa mhandisi mkuu na mweka hazina. Ndipo pikipiki zao zilipopata uma wa springi. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kutia springi mbele, wala hapana haja ya kumpa sifa hiyo. Sifa yake ni kwamba aliupa uma huo umbo lililodumu kwa miaka 40.

Uma wenyewe ulikuwa na jozi mbili za miguu. Jozi ya nyuma iliungwa na kichwa cha fremu, nayo haikusogea. Jozi ya mbele ilishikilia springi upande wa juu. Huko chini, jozi zote mbili ziliunganishwa kwa vyuma vifupi vinavyocheza, ambavyo ndivyo vilivyobeba ekseli. Gurudumu likipanda jiwe, miguu ya mbele hupanda nalo na springi hujibana. Jiwe likipita, springi hurudi. Mwaka 1908 Walter Davidson aliingia katika mashindano ya uvumilivu ya siku mbili huko New York, akiwa na pikipiki ya namna hiyo, akapata alama zote 1,000. Kufikia mwaka 1920 kampuni ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika utengenezaji wa pikipiki, ikiuza katika nchi 67.

Hata hivyo springi iliyobanwa haina adabu. Ikiachiwa hurudi kwa nguvu, hupita mahali pake, kisha hurudi tena, na gurudumu hudundadunda badala ya kushika ardhi. Katika uma wa Harley, kilichoituliza kilikuwa hasa msuguano wa viungo. Mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yenye mirija miwili inayoingiana, ndani yake mkiwa na springi na mafuta ya kutuliza mrudio. Mwaka uliofuata Harley alitoa injini mpya mashuhuri, lakini mbele akabakiza uma wa zamani. Kwa maoni yetu hapo alichelewa, ingawa sababu zinaeleweka: katika mdororo wa uchumi, mwaka 1933, kiwanda kilikuwa kimetengeneza pikipiki zisizofikia 4,000, na uma huo ulikuwa umezoeleka na kutengenezeka popote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, uma huohuo ulibeba pikipiki zipatazo 90,000 za majeshi ya Marekani na washirika wake.

Harley alifariki dunia Milwaukee tarehe 18 Septemba 1943, akiwa na miaka 62, bado akiwa mhandisi mkuu. Mwaka 1949 pikipiki kubwa za kampuni zilivikwa uma wa mirija na mafuta, na modeli hiyo ikaitwa Hydra-Glide. Pikipiki nyingi za aina hiyo bado hufuata mpango huo, na fundi anayetaka kuboresha sehemu ya mbele huanzia humo humo mirijani: hutia springi zinazolingana na uzito wa mpandaji, hubadili uzito wa mafuta, au huweka vali bora zaidi. Lakini uma wa mzee haukuzikwa naye. Mwaka 1988 kiwanda kiliurudisha katika modeli ya Springer Softail, miguu na springi zikionekana wazi kama zamani, na safari hii wahandisi wakaongeza shokapu ya mafuta.