Khalil bin Ahmad na Sauti za Herufi

Ndugu msomaji, zile fat-ha, kasra na dhumma unazoziona katika kila msahafu, pamoja na alama za shadda na hamza, maumbo yake hunasibishwa na Imam Khalil bin Ahmad Al-Farahidi. Alizaliwa mwaka 100 wa Hijra (718). Asili yake ni Oman, katika kabila la Azd, na maisha yake aliyapitisha Basra. Sibawayhi, imam wa nahau, alikuwa mwanafunzi wake. Yasimuliwa kuwa liwali wa Ahwaz alimpelekea mjumbe kumwita awasomeshe wanawe; Khalil akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamjulisha kuwa maadamu anao huo hana haja na liwali.

Yeye ndiye aliyeweka ilimu ya arudhi, bahari 15 za mashairi. Lakini khasa nataka tuzingatie kitabu chake Al-Ayn, kamusi la kwanza la Kiarabu. Hakulipanga kwa alif, be, te. Alizionja herufi kinywani: alitanguliza hamza, akaifuatishia herufi yenye sukuni, ab, at, agh, akasikiliza inatoka wapi. Akaanza na ayn, iliyo ndani kooni, akaja mbele mpaka midomoni.

Ilimu ya leo imebainisha kuwa sauti ni mtikisiko wa hewa unaokwenda kama mawimbi mpaka sikioni, kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Weka kidole kooni useme sss, kisha zzz. Ulimi haukuhama, kwa ze koo latetema, kwa sin limetulia. Ndiyo jahri na hamsi za tajwidi.

Nayataja haya kwa sababu ya fimbo. Hapa Machakos watoto wetu wengi wamelelewa kwa Kikamba, kisichokuwa na ayn wala ha ya kooni. Mtoto akiisoma Alhamdu kwa ha nyepesi, hupigwa na kuamrishwa arudie, wala haonyeshwi mahali pa herufi. Ataijuaje? (Na watu wa Mombasa na Lamu wasicheke: wangapi kwetu humwita Ali kwa alif tupu?) Khalil hakumpiga mtu, alichunguza koo lake mwenyewe.

Alikufa Basra mwaka 170, na wengine wasema 175. Yasemekana aliingia msikitini akifikiri namna nyepesi ya hesabu, hata kijakazi akienda dukani asipunjwe na muuzaji, akajigonga na nguzo asiyoiona. Mwenyezi Mungu amrehemu.