Winsor McCay na mnyama wa karatasi

Winsor McCay alikuwa fundi wa kuchora sanamu katika magazeti ya New York, kule Marekani. Mtoto wake alikuwa na vitabu vidogo vya sanamu: ukipindua kurasa upesi, sanamu zaonekana kutembea. Hapo baba akapata wazo la kuchora sinema.

Sinema yake ya kwanza, ya mwaka 1911, ilikuwa na sanamu 4,000. Akafanya nyingine ya mbu. Lakini watu wengine hawakuamini. Walidhani mbu yule anavutwa kwa nyuzi. Basi McCay akachagua mnyama asiyeweza kupigwa picha na mtu yeyote: dinosaria, mnyama mkubwa mno aliyekwisha duniani zamani sana. Akamwita Gertie.

Alichora karatasi kama 10,000. Katika kila karatasi ilipasa kuchora tena milima, ziwa na mawe. Kijana mmoja alimsaidia kazi hiyo. Ili Gertie apumue vema, McCay alishika saa akapima pumzi zake mwenyewe.

Mwezi wa pili wa mwaka 1914, huko Chicago, McCay alisimama mbele ya watu, kando ya kitambaa cha sinema, mjeledi mkononi. Alimwamuru Gertie ainue mguu, naye akainua. Alipokaidi aligombezwa, akalia machozi. McCay akamtupia tofaa: kwa kweli alilificha, na papo hapo tofaa la kuchorwa likaanguka kinywani mwa mnyama. Mwishoni McCay aliingia nyuma ya kitambaa. Mara akatokea mtu mdogo wa kuchorwa, mwenye nguo kama zake. Gertie akambeba, wakaenda zao.

Lakini William Randolph Hearst, mwenye gazeti, hakupenda mchoraji wake azungukezunguke. Akamkataza kuonyesha michezo nje ya New York. Je, Gertie angefanya nini bila bwana wake? Mwaka uleule sinema iliongezwa urefu. McCay mwenyewe alipigwa picha pamoja na rafiki zake, wakitazama mifupa ya dinosaria na kuwekeana dau. Amri zake ziliandikwa katikati ya sanamu. Hivyo sinema ilifika mahali alipokatazwa yeye kwenda.

McCay alikufa mwaka 1934. Karatasi nyingi za Gertie zimepotea, zimebaki mia kadhaa tu. Sinema yenyewe ingali yaonyeshwa, na Gertie bado hulia akigombezwa.