AUGUSTINO WA HIPPO, MWAFRIKA ALIYETAFUTA FURAHA ISIYOIBIWA



Tunapotembelea nyumba za waamini, ulizo linalorudi zaidi ni hili: namna gani mtu awe na furaha katika inchi ambamo kila kitu kinaweza kuchukuliwa kesho, nyumba, kazi, shamba, hata mtoto? Tumeona vema tusijibu kwa maneno yetu. Tutaeleza maisha ya mtu aliyejiuliza ulizo hilo tangu ujana wake, akapata jibu, na akiwa mzee akalisahihisha jibu lake mwenyewe.

Augustino alizaliwa tarehe 13 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, katika inchi ya Algeria. Wengi wanamzania kuwa mtu wa Ulaya kwa sababu ya picha zake; lakini alikuwa mtoto wa Afrika, akafanya kazi yake Afrika, na akazikwa Afrika. Baba yake Patricius hakuwa mkristo, alibatizwa tu alipokaribia kufa. Mama yake Monika alikuwa mtu wa maombi. Hawakuwa matajiri. Alipokuwa na miaka 16 masomo yalisimama kwa kukosa feza, akakaa nyumbani bila kazi, na kijana asiye na kazi tunajua anafanya nini. Usiku mmoja yeye na wenzake waliiba matunda ya jirani, hata si kwa njaa, maana mengi waliyatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima jambo hilo dogo lilimsumbua kuliko tunavyoweza kuzani, kwa sababu aliona kwamba alipenda ubaya wenyewe.

Tajiri mmoja wa mji wao alimsaidia kwenda kusoma Carthage, mji mkubwa karibu na Tunis ya leo. Huko alishikana na mwanamke mmoja bila ndoa, akaishi naye miaka mingi, na wakazaa mtoto wa kiume jina lake Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwenye hekima wa Roma, kilichofundisha kwamba watu wote wanatafuta heri na kwamba hekima ndiyo njia. Kitabu kile kiliwasha moto ndani yake. Kwa kuwa mama yake alimlea kwa jina la Yesu, akafungua pia Maandiko Matakatifu, na akayafunga upesi. Lugha yake ilikuwa ya watu wadogo, aliona, si tamu kama ya Cicero.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili liko kati yetu. Kijana anapata diploma, na Biblia ya mama yake inakuwa kitabu cha wazee. Augustino mwenyewe alikiri baadaye kwamba mlango wa Maandiko ni mfupi na unataka mtu ainame, na yeye wakati ule hakuweza kuinamisha shingo.

Kwa hiyo akaingia katika dini ya Mani, iliyofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, na mtu anapotenda zambi ni giza linalotenda ndani yake. Mafundisho mazuri kwa mtu asiyetaka kutubu! Akakaa nao karibu miaka tisa. Monika alilia sana. Ndipo akaota ndoto: amesimama juu ya mbao ya kupimia, na kijana mwenye kungaa akamwambia aangalie, pale aliposimama yeye mwana wake pia atasimama. Augustino alipojaribu kugeuza maana, ati mama ndiye atakayemfuata yeye, Monika alimjibu mara moja kwamba haikusemwa hivyo. Miaka karibu tisa ilipita kabla ya ndoto kutimia. Wanaotaka unabii utimie kesho asubuhi wamkumbuke mama huyu.

Mwaka wa 383 akaenda Roma, akimdanganya mama yake kwenye bahari. Alimwambia anamsindikiza rafiki tu; Monika akakesha akisali katika kanisa, na asubuhi chombo kilikuwa kimekwenda. Mwaka uliofuata alipewa kazi kubwa Milano, makao ya Kaisari, kufundisha ufundi wa kusema mbele ya watu. Alikuwa na miaka 30, jina lilikuwa linapanda, na hakuwa na furaha.

Tusikilize jambo moja la Milano. Siku moja alikuwa anakwenda kusoma hotuba ya kumsifu Kaisari. Alijua kwamba maneno mengi ndani yake ni uongo, na wasikilizaji walijua vilevile, na wangempigia makofi. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa hofu. Katika njia akaona maskini mwenye kuomba, amekwisha kunywa, anacheka na kufanya mzaha. Augustino akawaambia rafiki zake kwa huzuni kwamba mtu huyu kwa franga chache za kuomba amekwisha kufika pale ambapo wao wanajichokesha miaka mingi wapate kufika, yaani kwenye furaha kidogo ya kupita. Hakusema furaha ya pombe ni ya kweli. Lakini aliona kwamba furaha yake ya sifa si ya kweli pia, na tena ni mbaya zaidi: maskini angelala na pombe ingemtoka usiku ule, lakini yeye alilala na ulevi wake na kuamka nao, siku nyingi.

Katika mji ule askofu Ambrosio alihubiri. Augustino alikwenda kusikiliza ufundi wa maneno tu, lakini pamoja na maneno mambo yenyewe yakaingia. Mahali pa Agano la Kale palipomchukiza, Ambrosio alipaeleza na pakapata nuru. Akaanza kusoma barua za mtume Paulo. Lakini hakuweza kuacha tamaa zake. Wakati ule walimpangia ndoa na binti wa watu wakubwa, na yule mwanamke wa miaka mingi akafukuzwa kurudi Afrika, akimwacha mtoto. Jina lake halikuandikwa. Sisi hatumsifu Augustino kwa tendo hilo, hata kama moyo wake ulitoka damu, maana hakumngojea bibi arusi, alichukua mwanamke mwingine.

Mwezi wa nane mwaka wa 386, Mwafrika mmoja aliyewatembelea aliwaeleza maisha ya Antonio wa Misri, mtu asiye na masomo, aliyeacha vyote kwa ajili ya Injili. Augustino akapata haya: wasiosoma wanaushika ufalme wa Mungu, na wao wenye vitabu wanagaagaa katika matope. Akatoka kwenye bustani pamoja na rafiki yake Alypius, akajitupa chini ya mtini akalia. Akasikia sauti kama ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudia kwa wimbo neno la kumwambia achukue asome. Akachukua kitabu cha Paulo, macho yakaangukia Waroma 13, shairi la 13 na la 14, panapokataza ulevi na uasherati na kuagiza kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakuendelea kusoma. Giza la mashaka likakimbia. Wakaingia ndani kumwambia Monika.

Ndugu, msifanye jambo hili kuwa uganga. Kuna watu wanaofungua Biblia kwa kubahatisha wajue kama watasafiri au watapata feza. Augustino alipokuwa askofu aliandika kwamba desturi hiyo ya kupiga kura kwa Injili juu ya mambo ya dunia haimpendezi. Na kitabu cha Paulo kilikuwa pale kwa sababu alikuwa anakisoma tangu zamani.

Akaacha kazi yake, akapumzika shambani pamoja na mama yake, mtoto wake na wengine. Siku aliyotimiza miaka 32 wakaanza mazungumzo ya siku tatu juu ya heri, yaliyokuwa kitabu. Akauliza kama mtu anayepata anachotaka ni mwenye heri. Monika, ambaye hakupita katika shule za wenye hekima, akajibu kwamba akitaka mema na kuyapata, ndiyo. Lakini akitaka mabaya, hata akiyapata ni mwenye taabu. Mwana wake akafurahi, akasema kwamba mama ameshika ngome yenyewe ya hekima. Kisha wakaendelea: kitu kinachoweza kupotea kinaleta hofu, na mwenye hofu hana heri. Sherti basi kitu kisichoweza kuondolewa. Na hicho ni Mungu peke yake.

Hilo lilikuwa jibu lake la kwanza. Akabatizwa na Ambrosio usiku wa Pasaka mwaka wa 387, pamoja na Adeodatus na Alypius. Mwaka uleule, wakingoja chombo Ostia karibu na Roma, Monika akafa, umri wake miaka 56. Zamani alitamani sana kuzikwa kwao karibu na mume wake. Sasa akawaambia wazike mwili wake popote, akiomba tu akumbukwe kwenye meza ya Bwana. Sisi tunaogombana juu ya maiti irudishwe kijiji gani, tunaelewa ukubwa wa neno hilo. Nyuma kidogo, huko Thagaste, Adeodatus naye akafa akiwa bado kijana. Jibu la shambani likaanza kupimwa.

Mwaka wa 391 alikwenda Hippo, mji wa bahari unaoitwa leo Annaba, kumtembelea mtu. Waamini wakamkamata katikati ya ibada, wakamleta mbele kwa askofu Valerius awekewe mikono kuwa padri. Akalia. Wengine wakafikiri analia kwa sababu hakupewa cheo cha askofu mara moja! Sababu ilikuwa nyingine. Alimwandikia Valerius kwamba sasa amejua namna gani hana uwezo wa kazi ile, akamwomba muda mfupi, mpaka Pasaka, ajifunze Maandiko na kusali. Wapendwa, huyu alikuwa mwalimu wa Milano, amekwisha kuandika vitabu. Na sisi tunaona mtu anaota ndoto moja usiku na siku ya kwanza ya juma anataka mimbari.

Karibu mwaka wa 395 akawa askofu, kazi ya miaka 35. Alihubiri mara nyingi kwa juma, zaidi ya mahubiri 500 yamebaki, na alieleza Zaburi zote 150. Asubuhi alikaa kukata maneno ya watu wanaogombania mashamba na uriti, kazi aliyoiona nzito, usiku aliandika. Kiebrania hakujua, na Kigiriki alikichukia shuleni kwa sababu ya fimbo. Kwa wakulima waliosema Kipunik, alitafuta mtumishi anayejua lugha yao.

Juu ya kusoma Maandiko aliandika kitabu kizima, na mashauri yake yanafaa hata leo: soma kwanza vitabu vyote, hata usipoelewa, yashike katika kichwa, pasipo wazi pafafanuliwe na palipo wazi, na maana yoyote isiyojenga upendo wa Mungu na wa jirani, bado hujaielewa. Kwa wale waliosema Roho anawatosha, hawataki mwalimu, alijibu kwamba hata wao walifundishwa herufi na mtu. Paulo mwenyewe, baada ya sauti kutoka mbinguni, alitumwa kwa Anania. Kornelio, baada ya malaika, alitumwa kwa Petro.

Mwaka wa 410 Roma ilitekwa, na wakimbizi wakavuka bahari mpaka Afrika. Walioishi katika nyumba za marmari wakafika mikono mitupu. Kwa miaka 13 Augustino aliandika juu ya mji wa Mungu na mji wa dunia.

Mwaka wa 427, mzee wa miaka zaidi ya 70, akafanya kazi ambayo wakubwa wachache wanaipenda: akasoma upya vitabu vyake zaidi ya 90 na kuandika makosa yake. Alipofika kwenye kile cha heri, akakiri kwamba hakupendezwa na aliyoyasema, kwamba mwenye hekima anaweza kuwa na heri yote katika roho yake hapa duniani, hata mwili wake uwe katika hali gani. Sasa aliona kwamba heri kamili ni ya maisha yanayokuja, tutakapomjua Mungu kabisa na mwili kufufuka. Hapa tunayo kwa matumaini. Hakukana kwamba heri ni Mungu. Alikana kwamba amekwisha kufika.

Miaka miwili nyuma yake Wavandali wakaja, wakichoma makanisa na kuua. Mwezi wa sita mwaka wa 430 wakauzunguka Hippo, mji umejaa wakimbizi na maaskofu waliopoteza makundi yao. Katika mwezi wa tatu wa kuzungukwa Augustino akashikwa na homa. Mtu akaleta mgonjwa amwekee mikono. Akajibu kwamba kama angekuwa na uwezo huo angejiponya mwenyewe kwanza. Lakini mtu yule akaeleza kwamba ameagizwa katika ndoto, basi akaweka mikono, na Bwana akamponya mgonjwa. Yeye mwenyewe hakupona.

Akaomba Zaburi za toba ziandikwe kwenye karatasi na kutundikwa kwenye ukuta karibu na kitanda. Siku kama kumi hakutaka mtu aingie, isipokuwa saa ya mganga au ya chakula, akawa anazisoma na kulia na kusali. Alikufa tarehe 28 mwezi wa nane, umri wake miaka 75. Rafiki yake Possidius, aliyekuwa pale, aliandika kwamba hakuacha wosia, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuriti. Aliagiza tu kwamba vitabu vya kanisa vichungwe vizuri kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma.